Vyungu Vilivyokatazwa Kurudi Nyumbani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani alitunga hayo maneno? Kama bado yu hai, mleteni hapa Msamala nimkalishe kwenye kigoda aniambie yeye mwenyewe aliuza nini maishani mwake. Mimi nimefinyanga vyungu tangu nilipoolewa mpaka vidole vilipokataa kunyooka, na sijaona hata kimoja kikijiuza. Kinakaa tu pale chini kinakutazama, na wewe unakitazama.

Nasema haya kwa ajili yenu vijana. Mjukuu wangu Oresta anashona pochi za shanga, kazi nzuri kweli, huchoki kuitazama. Juzi kaja na wenzake, huyu anasuka mikeka, yule anachonga vijiko, wote nyuso zimewaangukia. "Bibi, watu wanasifia kwenye simu tu, hawanunui." Halafu wakanitazama kana kwamba nimefunga dawa kwenye pindo la khanga. Sina dawa, wajukuu zangu. Nina hasira tu, na hasira yenyewe ni ya zamani. Kaeni niwasimulie, ila msinikatize kila dakika kuchungulia hizo simu.

Aliyenifundisha kazi ni mama mkwe wangu, Bibi Kolumba, Mungu amrehemu. Mwanamke ambaye ukimwambia jua limechomoza, anatoka nje kwanza kuhakikisha. Wenzangu wiki ya kwanza ya ndoa wanakula kuku na kusifiwa nywele, mimi niko bondeni Matogoro nachimba udongo, matope mpaka magotini. Kile kipande cha bondeni kilikuwa chake, aliachiwa na mama yake, na udongo wake ulikuwa hauna mfano. Ukiuviringisha kama kamba na kuukunja kidoleni, haupasuki. Ukichukua wa upande wa pili wa kijito, unakatika hapo hapo. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza habari ya wateja, niambieni kwanza shanga mnanunua wapi na uzi gani, maana wengine mnashonea uzi wa kushonea magunia halafu mnalalamika.

Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni kwa kishindo mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa nimekianika juani kwa haraka. Jua linakausha nje, ndani bado kuna maji, na maji yakikutana na moto yanatafuta mlango. Mama mkwe hakunigombeza. Alisema tu, "Umekiharakisha," akanipa kinu nitwange vile vigae mpaka viwe unga, nichanganye kwenye udongo wa chungu kinachofuata. Huo unga wa vigae ndio unaofanya chungu kivumilie moto. Nilitwanga siku nzima huku nalia, na yeye amekaa pembeni anakwangua mtungi wake kwa gunzi la hindi, anaimba wimbo wa kanisani.

Sasa nifike kwenye lililoniumiza kichwa. Bibi Kolumba alikuwa na mwiko mmoja alioupokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, huko nyuma sijui mpaka wapi: chungu kikishatoka nyumbani kwenda kuuzwa, hakirudi. Kimeshaaga. Ukikirudisha, kinarudi na njaa, na nyumba nzima itaipata. Basi tukienda sokoni Bombambili, vyungu kichwani, kisichouzwa lazima kiishie huko huko. Utakibadilisha kwa fungu la dagaa, au majani ya maboga, au utamgawia mtu yeyote anayepita. Lakini kurudi nacho? Thubutu!

Zamani hilo halikutusumbua. Tukifika sokoni asubuhi, mchana tumemaliza, tunarudi na kata zetu za kutwishia vyungu mikononi tunapiga soga. Kila nyumba ilipikia chungu na kila nyumba ilikuwa na mtungi wa maji. Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Madukani kulikokuwa na sabuni za magendo na vumbi, vitu vikaanza kumiminika kama mafuriko. Ndoo za plastiki, nyekundu, bluu, kijani, zimening'inizwa mlangoni zinang'aa. Masufuria mepesi. Mwanamke aliyekuwa anabembea na mtungi kichwani sasa anapita na ndoo yake huku ananitazama kwa huruma. Huruma! Afadhali angenitukana.

Tukawa tunakaa sokoni mpaka jua linainama. Nilizilaani ndoo zile. Nilizilaani nikiamka, nikazilaani nikilala, na nikamlaani hata aliyezileta. Kumbe wajukuu zangu, ndoo zilikuwa na kosa lao, lakini kosa kubwa lilikuwa limekaa nyumbani kwetu linakunywa uji. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza nyanya, meza yake ilikuwa jirani na mahali petu. Siku moja akaniita, "Dada, hivi wewe huoni? Mke wa karani wa soko yuko pale kwenye benchi tangu saa nane. Unadhani anangoja basi?"

Nikatazama. Kweli, mke wa karani yupo, kapakata kikapu, anatazama vyungu vyangu kwa pembe ya jicho. Na mwenzake wa pili yupo. Na wa tatu yuko upande wa pili anajifanya anachagua vitunguu.

"Wanangoja nini?"

"Wanangoja jua lizame. Soko zima linajua nyie chungu hamrudi nacho."

Mweh! Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka. Mwaka mzima nalalamika watu hawataki vyungu, kumbe wanavitaka, tena sana, ila wamejifunza kusubiri. Nani atalipa asubuhi kitu atakachopewa jioni kwa fungu la dagaa?

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi wafaidi. Chungu hakirudi." Akaendelea kusugua shingo ya mtungi kwa kokoto lake la mtoni, kwi kwi kwi, kama vile sijasema kitu.

Msidhani tulikaa mikono mashavuni. Tulijaribu mambo, mengine nikiyakumbuka nataka kucheka na mengine nataka kupiga mtu. Kulikuwa na wake za watumishi waliohamishiwa Songea kutoka mikoani, wakataka vyungu vya kupandia maua barazani, vyenye tundu chini maji yatoke. Biashara nzuri hiyo. Mama mkwe akakataa kabisa. "Chungu chenye tundu! Watu watasema Kolumba amezeeka, haoni tena." Nikamweleza ni maua, ni maua mama, si maji ya kunywa. Akasema maua yanaota ardhini, aliyekosa ardhi asipande.

Akaja pia bwana mmoja wa semina, na suruali yake ya kupiga pasi. Akatukusanya wanawake wafinyanzi akatuambia soko limebadilika. Tulijua. Akasema tutengeneze visahani vya kukung'utia majivu ya sigara, vyenye picha ya tembo, watalii watavigombania. Watalii! Songea! Mzungu pekee tuliyekuwa tunamwona ni padre, na padre mwenyewe havuti. Tulivitengeneza hivyo visahani, vikawa vya kuwekea mbegu za maboga.

Halafu ikaja habari ya rangi. Hiyo ilitoka kwa mume wangu, Longinus, baba yake Tasiana wangu mkubwa. Alikuwa na kopo la rangi ya mafuta, ya bluu. "Watu wanafuata rangi," akasema. "Hizo ndoo zina nini zaidi ya rangi?" Nikaona anasema kweli. Tukapaka mitungi, ikameremeta, na sokoni ikaisha kabla ya saa nne. Nilirudi naimba. Kabla wiki haijaisha wateja wamejaa uani, kila mtu na mtungi wake, maji ya moto kama ya kuogea na yananuka rangi. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoa jasho. Jasho likikauka linaondoka na joto. Sisi tulikuwa tumeuziba pumzi. Na kwa vile ilikuwa imeshaaga, mama mkwe hakuruhusu hata mmoja uvuke ua kuingia. Ikabaki barabarani, watoto wa mtaa wakaifanya magoli ya mpira. Basi mkirembesha kitu, angalieni msije mkaua kile kinachokifanya kinunuliwe.

Lakini yote hayo ni mzaha, mpaka Longinus alipopunguzwa kazi. Alikuwa mtunza ghala la mazao. Siku moja wakaitwa wote, wakaambiwa ghala linafungwa, wafanyabiashara binafsi ndio watakaonunua mahindi sasa. Mwanamume aliyekuwa anatoka na shati jeupe kila asubuhi akaanza kukaa barazani na redio isiyo na betri. Watu wakipita wakimwuliza habari za kazi, anajibu "nzuri tu". Wakiuliza mkeo anafanya nini, anasema, "Ah, wanachezea tope na mama." Kuchezea tope! Na ugali anaokula unatoka wapi? Nilikuwa nasikia nikiwa ndani, nauma midomo.

Ndipo akatokea mfyatua matofali. Mji ulikuwa unakua, kila mwenye uwezo anajenga, na yule bwana alikuwa ametembea mabonde yote kutafuta udongo. Akaupata wa mama mkwe. Akamfuata Longinus, sio mwenye shamba, maana wanaume wanapenda kuongea na wanaume. Akataka kununua kipande chote.

Longinus akatuita tukae. Akasema, "Mama, mke wangu, tuambiane ukweli. Vyungu havitulishi. Nimemwambia huyu bwana angoje. Mvua zikianza kunukia, kama tope lenu bado linaishia kwenye dagaa, namuuzia shamba, nifungue kibanda cha duka." Mimi nikamgeukia mama mkwe. Nikasema moyoni, sasa ataona. Mwanamke aliyekataa kutoboa tundu chini ya chungu atakubali kuuza udongo wa mama yake?

Bibi Kolumba akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mimi nakula kwa mwanangu. Akisema tuuze, tutauza."

Jamani! Nilitaka kupasuka. Kwa chungu anagoma kama punda, kwa shamba anatii kama kondoo! Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuwa na haja ya kupasuliwa. Shamba likienda, tutafinyanga nini? Ule wa ng'ambo ya kijito unaokatika kidoleni? Kazi yote niliyotwangia vigae na machozi, iishie kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Hapo nikaapa kwamba sitampa tena mke wa karani chungu kwa dagaa.

Siku ya soko iliyofuata nilikaa mpaka jua likaanza kuzama. Mke wa karani akainuka kwenye benchi lake, akaja anatabasamu. "Mama Tasiana, bado hujaondoka? Haya, nikupunguzie mzigo." Akanyoosha kifurushi cha dagaa.

"Bei ni ile ile ya asubuhi," nikamwambia.

"Sasa utavipeleka wapi?"

"Kwangu."

Akacheka. Akadhani natania. Nikajitwisha vyungu vyangu, soko zima linanitazama, muuza nyanya ameshika mdomo. Nikapandisha mpaka Msamala, moyo unadunda kuliko siku ya harusi.

Mama mkwe aliniona tangu mbali. Nilipofika kwenye ua, amesimama katikati ya njia na fimbo yake ameilaza kama mti wa kizuizi cha barabarani. Mwili wenyewe mdogo, lakini ng'ombe asingepita.

"Hivyo ni nini kichwani?"

"Vyungu, mama."

"Vyungu gani?"

"Vyetu."

"Sisi hatuna vyungu. Vyetu vimeondoka asubuhi."

"Mama, nimechoka, shingo inauma, nipishe."

"Pita wewe. Njaa ibaki nje."

Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, na Longinus naye yuko barazani na redio yake anacheka mpaka anafuta machozi. Hakuna aliyenisaidia kutua. Nikabaki nimesimama pale njiani, siwezi kuingia, na kurudi sokoni sirudi ng'o. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo leo siyarudii mbele ya watoto wa watu. Naye akanijibu kwa Kingoni, na kwa Kingoni alikuwa fundi.

Aliyetuokoa ni jirani wa mbele, Mama Rajabu, Myao wa Tunduru aliyeolewa na mganga wa zahanati. Alitoka anajifunga ushungi, akasema kwa upole wake, "Bibi Kolumba, shikamoo. Chungu kimekatazwa kuingia kwako. Kwangu kimekatazwa?"

Mama mkwe akafikiri. "Marahaba. Kwako hakijakatazwa."

"Basi, bismillah, dada, tua hapa."

Nikatua vyungu kwenye baraza ya Mama Rajabu. Kuanzia siku hiyo kilichokosa mnunuzi kililala pale, na siku ya soko kinaondokea pale. Mama mkwe akawa anavuka njia kwenda kuvipangusa vumbi, anavisalimia na kurudi, wala hakuona tatizo. Mke wa karani alijaribu kusubiri tena, akasubiri, akasubiri, akaenda na kikapu kitupu. Baadaye akaja saa tatu asubuhi na hela yake, kanuna. Mwenzake wa vitunguu akafuata.

Lakini haikutosha, nisiwadanganye. Mwezi wa sita na wa saba Songea inavaa sweta. Nani anataka maji baridi wakati ukinawa uso tu meno yanagongana? Vyungu vya kupikia viliondoka, mitungi ilijaa kwa Mama Rajabu mpaka mumewe akawa anapita kwa ubavu kuingia nyumbani kwake. Na mfyatua matofali, kila nikienda Matogoro namkuta, anapima shamba kwa hatua, anachomeka vijiti.

Sasa Mama Rajabu alikuwa na kaka yake, Saidi, dereva wa lori lililokuwa likichukua mahindi Songea kupeleka Tunduru. Akaja kumsalimia dada yake, akakwama mlangoni.

"Dada, umefungua duka la mitungi?"

"Ya jirani. Haiuziki."

Saidi akainama, akachota maji kwenye mtungi mmoja ambao dada yake alikuwa anautumia, akanywa. Akanywa tena. Akakaa chini kabisa. "Haiuziki wapi? Hapa? Hapa mtu anunue ya nini, mtungi na yeye wote wanatetemeka. Huko kwetu sasa hivi joto limeanza, ndoo ya plastiki ukiiacha saa moja unachota chai. Nipeni hii mitungi lori likija tena, niijaze juu ya magunia."

Nilisimama nikamtazama yule mtu. Miaka yote hiyo nilikuwa nauza maji ya baridi kwa watu wenye baridi. Na Tunduru iko pale pale, haijahamia popote.

Tukafinyanga kama wendawazimu. Nilifinyanga mpaka ngozi ya viganja ikawa nyororo kama ya mtoto. Tukachoma asubuhi kabla upepo haujaamka, nyasi chini, magome, mavi makavu ya ng'ombe, kuni nyembamba juu. Ikatoka mitungi myekundu, mizuri, nikajisifu. Ndipo mama mkwe akaja na kigoda chake, akaipakata mmoja mmoja, anaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ng'ong'. Anaweka kulia. Ng'ong'. Kulia. Tok.

"Huu unakohoa." Akainua fimbo, paa! Vigae.

"Mama! Hauna hata ufa!"

"Ufa uko ndani, unangoja safari." Paa! Mwingine.

Nilishika kichwa. Lori linakuja kesho kutwa, shamba linaning'inia kwenye uzi, na yeye anavunja mitungi! Nikamwambia, mama, mnunuzi wa Tunduru hatujui, hatatuona tena, tupeleke tu hivyo hivyo. "Atauona mtungi," akasema. Paa! Sikuweza kukaa, nikaenda kwa Mama Rajabu kunywa maji.

Iliyobaki tukaifunga. Shikeni hili, ni la bure: usifunge chungu kwa kamba shingoni, kitanyongeka. Kidogo ndani ya kikubwa, pumba katikati, midomo ikitazamana, nyasi kavu kila mahali pasipo na kitu. Ukikitikisa kikisema chochote, fungua uanze upya. Saidi alipofika akasema yeye anaendesha, hauzi, atafutwe mtu wa kwenda. Mimi nilikuwa na mchomo mwingine wa kuandaa. Mama mkwe mzee. Nikamgeukia Longinus pale barazani.

"Nenda wewe."

"Mimi? Niuze vyungu? Watu wataniona!"

"Tunduru nani anakujua?"

Akavaa shati lake jeupe la ghalani na viatu vya kazini, akapanda juu ya magunia na uso wa mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Lori likaondoka.

Barabara ya Tunduru enzi zile ilikuwa adhabu. Siku alizosema atarudi zikapita. Wiki ikapita. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa milima ya Matogoro, na mfyatua matofali akaja nyumbani, akaketi kwa adabu, akamwambia mama mkwe kwamba mvua inanukia na neno la mwanawe lilikuwa neno. Mama mkwe akamjibu, "Mwanangu akirudi." Yule bwana akasema atatungoja shambani. Nilipika mboga siku hiyo nikasahau chumvi, tukaila hivyo hivyo.

Kesho yake mimi na mama mkwe tukateremka bondeni na majembe na vikapu. Hatukuambiana tunachoenda kufanya. Tulikuwa tunachimba udongo mwingi kadiri tuwezavyo kabla haujawa wa mtu mwingine. Mfyatua matofali amekaa kwenye tuta na vijiti vyake, anatungoja tumalize, na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wake wa kulisha. Mama mkwe anachimba, haimbi. Nilimwona anachukua bonge, anaviringisha kamba, anaikunja kidoleni, anatazama, anaiweka kikapuni. Anachukua jingine. Nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka. Sema basi! Sema neno moja, ni shamba lako! Akainua jembe akaendelea kuchimba.

Tukasikia mtu anateremka mbio. Longinus. Shati jeupe halikuwa jeupe tena, nywele nyekundu kwa vumbi, ameshukia barabarani na hajapita hata nyumbani. Akaja moja kwa moja mpaka katikati ya shimo tulimokuwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi na mitungi?"

"Nirudi nayo vipi, si imekatazwa?" Akahema. "Imeisha. Uliovunjika ni mmoja, na huo utingo wa lori aliukalia. Mama Tasiana, wanataka mingine kabla joto halijaisha, Saidi atakuja."

Mfyatua matofali akainuka. "Bwana Longinus, sisi tulikuwa tumeongea."

"Tumeongea, kaka. Nisamehe, nimekupotezea muda wako. Ng'ambo ya kijito kuna udongo, kwa matofali unafaa. Huu hapana."

Yule bwana akatutazama sote, akaguna, akaanza kung'oa vijiti vyake kimoja kimoja. Longinus hakumtazama. Alikuwa anaongea na mimi, haraka haraka, kama mtu anayeogopa atasahau.

"Kuna mzee mmoja kule, kanunua mtungi, akaujaza palepale, akaugonga, akangoja mpaka utoe jasho. Akanywa. Akafumba macho. Akaniuliza, 'Bwana, nani amefinyanga huu?' Nikamwambia, mke wangu na mama yangu." Akajipangusa vumbi usoni. "Nimesema hivyo mbele ya watu, mke wangu. Wote wakanigeukia. Wakanipa kiti."

Mama mkwe akaegemea jembe, akageuza uso upande wa kijito. Mabega yakamtikisika kidogo. Mimi nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia yule mwanamume, ya miaka, mabaya na mazuri, yamejaa mpaka kooni, na nilitaka kumshika mbele ya mama yake pale pale. Nikatazama chini.

"Longinus," nikamwambia, "vua viatu. Unakanyaga udongo."

Akavua, akachukua jembe mkononi mwa mama yake.